Gitaa la Umeme na Lebo Zake: Walipia Mti au Walipia Jina?

Ndugu msomaji, huenda wewe mwenyewe si mpiga gitaa, wala hujapata kushika waya wa amplifaya maishani mwako. Lakini katika mitaa ya Kipawa, kama ilivyo Vingunguti, Kiwalani na Yombo, si rahisi kukosa kijana ambaye jioni huketi barazani na gitaa la kuazima, akifuatisha solo za nyimbo za zilipendwa. Kijana huyo akipata nafasi katika kwaya ya kanisa, au akaitwa kujaza pengo katika bendi ya ukumbini, jambo la kwanza litakalofika kwa wazazi ni la fedha: chombo cha kupigia kitatoka wapi? Na siku hizi jambo hilo huja likiwa limefungwa ndani ya maneno ya kigeni yaliyoandikwa kwenye kichwa cha gitaa au ubavuni mwa sanduku lake: Reissue, Vintage, Custom Shop, Relic, Historic. Muuzaji huyatamka kwa heshima, sauti akiishusha kidogo, kisha hutaja bei inayotosha kuezeka nyumba.

Yafaa maneno hayo yafunguliwe moja baada ya jingine, ili anayetoa fedha ajue anachokilipia. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia kunauma popote pale, lakini kunauma zaidi pale ambapo mbuzi mwenyewe alikuwa ndiye mtaji wa kazi.

Nasema mtaji wa kazi kwa sababu katika jiji hili gitaa halikuwa pambo. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na kufikia miaka ya 1960 magitaa ya umeme yalikwisha kuwa uti wa mgongo wa muziki wa dansi: solo mbele, ridhim katikati, besi chini. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, na Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Katika bendi hizo zote vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Mpigaji alipata mshahara, akapata na umaarufu, lakini gitaa alilolipiga usiku kucha halikuwa lake. Akihama, aliondoka na vidole vyake tu. Ndiyo maana habari ya kwamba bendi fulani imepata vyombo vipya ilitosha kuzibomoa bendi nyingine mbili, maana wapigaji walivifuata vyombo kama vile nyuki afuatavyo ua. Na katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, hata nyuzi za gitaa zilikuwa bidhaa ya kutafutwa kwa udi na uvumba.

Kwa hiyo leo kijana akisema anataka gitaa lake mwenyewe, hasemi jambo dogo. Ataweza kuingia bendi hii na kutoka ile akiwa na chombo chake begani, na hakuna mwajiri atakayemfungia kabatini riziki yake. Hilo ni jema. Ubaya unakuja pale anapoambiwa kwamba uhuru huo haupatikani ila kwa gitaa lenye lebo ya dhahabu.

NENO LENYEWE LINA MAANA GANI

Reissue ni kutolewa upya. Kitu kilitengenezwa zamani, kikaachwa au kikabadilishwa, kisha kiwanda kikarudi nyuma na kukitengeneza tena kwa umbo lile lile la awali. Katika makala haya tutaliita gitaa la namna hiyo toleo la kurudiwa.

Akina mama wanalielewa jambo hili kuliko wapiga gitaa wengi. Itazame khanga ya Kisutu. Mchoro wake ni wa kale, wa nyekundu, nyeusi na nyeupe, na viwanda mbalimbali vimeuchapa tena na tena kwa vizazi. Lakini mama mwenye macho hanunui mchoro peke yake. Hukishika kitambaa, hukikunja, hukiinua kwenye mwanga, hutazama kama rangi imepenya upande wa pili. Anajua kwamba Kisutu cha pamba nzito na Kisutu cha kitambaa hafifu vyaweza kutundikwa katika duka moja vikafanana kama mapacha. Gitaa ni vivyo hivyo. Mwaka ulioandikwa kwenye lebo ni mwaka wa mchoro, nao hausemi lolote juu ya siku gitaa lilipotengenezwa, nchi lilikotoka, wala uzito wa pamba.

Sasa yatupasa kuuliza: kwa nini watu walianza kuitamani michoro ya kale?

Tuanze na Leo Fender, fundi redio wa mji wa Fullerton katika jimbo la California, Marekani, ambaye yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Alianzisha kampuni yake mwaka 1946. Mwaka 1950 alitoa gitaa la ubao mtupu usio na tumbo wazi, akaliita Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba jina hilo linafanana mno na la ngoma zake. Fender hakutaka kesi. Kwa kuwa lebo zilikwisha kuchapwa, mafundi walichukua mikasi wakalikata jina la gitaa, wakabandika kipande kilichobaki chenye jina la kampuni tu. Hivyo kwa miezi kadhaa yalitoka magitaa yasiyo na jina, mpaka mwaka 1951 lilipopatikana jina la Telecaster. Watu wa baadaye wakayabandika yale yasiyo na jina jina la utani la Nocaster, na leo kampuni yenyewe hutengeneza toleo la kurudiwa la Nocaster na kuliuza kwa bei ya juu. Ama kweli biashara ina maajabu yake: lebo iliyokatwa kwa mkasi kukwepa ugomvi imegeuka kuwa lebo ya fahari!

Mwaka 1954 Fender alitoa Stratocaster, lenye pikapu tatu, yaani vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. Bei yake ilikuwa dola 249.50. Kisha mwezi wa Januari mwaka 1965 kampuni ikauzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Wapigaji wakaanza kunung'unika kwamba uzalishaji umeongezwa na uangalifu umepungua. Mara nyingine manung'uniko hayo yalikuwa ya kweli, mara nyingine yalikuwa masimulizi ya vijiweni. Lakini yalizaa mpaka mmoja mkubwa katika soko: magitaa ya kabla ya CBS na ya baada ya CBS. Ya kabla yakapanda bei mwaka hadi mwaka.

Kiwanda kilijikuta kinashindana na marehemu wake. Ndipo mwaka 1982 kikafanya mambo mawili kwa pamoja. Huko Marekani kilianza kutoa Stratocaster kwa mchoro wa mwaka 1957 na wa mwaka 1962, pamoja na Telecaster ya mwaka 1952. Na huko Japani, ambako viwanda vilikuwa vimekwisha kuiga magitaa ya Kimarekani kwa ustadi wa kutisha, kiliunda kampuni pamoja na Wajapani wenyewe, kazi ikafanywa katika kiwanda cha FujiGen, mjini Matsumoto. Magitaa ya kwanza ya Japani, yenye namba inayoanza na herufi JV, yalikuwa mazuri kiasi cha kuwashtua wakubwa wa Marekani. Mwaka 1985 wafanyakazi wa Fender waliinunua kampuni kutoka CBS, na mwaka 1987 wakaanzisha karakana ya pekee ya mafundi wachache, iliyopewa jina la Custom Shop.

Upande wa pili yuko Gibson, aliyekuwa na kiwanda Kalamazoo, jimbo la Michigan. Gitaa lake la Les Paul lilitoka mwaka 1952. Mwaka 1957 liliwekewa pikapu mpya iliyobuniwa na fundi Seth Lover, yenye misokoto miwili ya waya inayofuta mvumo wa umeme. Kati ya mwaka 1958 na 1960 lilitolewa kwa rangi ya mawio, wekundu ukififia na kuwa manjano katikati. Wanunuzi walikuwa wachache, na kiwanda kikaliacha umbo hilo. Ilipofika katikati ya miaka ya 1960, vijana wa Uingereza kama Eric Clapton wakayaokota magitaa hayo na kuyapiga kwa sauti kubwa, na dunia ikagutuka. Gibson alilirudisha umbo hilo mwaka 1968, lakini yale ya mwaka 1958 hadi 1960 hayakufika 2,000, na leo moja lao huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Kiwanda cha Kalamazoo kilifungwa mwaka 1984, kazi ikawa imehamia Nashville. Mwaka 1993 ukaanza mfululizo wa Historic, wa matoleo ya kurudiwa yanayojaribu kufuata kila kipimo cha miaka ile.

NGAZI ZA UTUKUFU

Hapa ndipo mnunuzi hupotea njia, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo.

Mchoro mmoja, tuseme Stratocaster ya miaka ya 1960, hutolewa upya katika ngazi nyingi kwa wakati mmoja. Chini kabisa kuna Squier, jina ambalo Fender alilipata alipoinunua kampuni moja ya nyuzi, na tangu mwaka 1982 hulitumia kwa magitaa ya bei nafuu. Squier wa mfululizo wa Classic Vibe huandikwa '50s, '60s au '70s, naye hutengenezwa Asia. Juu yake kuna mfululizo wa Vintera uliotolewa mwaka 2019, kazi ya kiwanda cha Ensenada, Meksiko. Juu yake tena kuna American Vintage II wa mwaka 2022, wa Marekani, kwa bei iliyozidi dola 2,000. Na kileleni kuna Custom Shop, ambako bei hupita dola 4,000 bila kugeuka nyuma. Yote manne yatakuwa na umbo moja, rangi moja, na tarakimu zinazofanana. Kwa hiyo muuzaji akikuambia, "Hili ni toleo la kurudiwa la miaka ya sitini," amesema kweli, lakini hajakuambia kitu. Mwulize: la ngazi ipi?

Vivyo hivyo kwa Gibson. Kampuni hiyo iliinunua Epiphone mwaka 1957, na leo Epiphone ndiyo tawi lake la bei nafuu. Zipo Epiphone za China zenye mwaka 1959 katika jina lake, na zipo Gibson za Nashville zenye mwaka huo huo. Baina ya mbili hizo pana tofauti ya maelfu ya dola.

Jihadhari na neno Custom. Tangu miaka ya 1950 lipo gitaa liitwalo Les Paul Custom, na hilo ni jina la aina tu, kama vile gari linavyoitwa Deluxe. Epiphone nayo ina Les Paul Custom. Neno hilo likisimama peke yake halimaanishi kwamba gitaa limetoka katika karakana ya mafundi wateule. Neno Vintage nalo ni la kuchunga: kwa desturi humaanisha kitu cha zamani chenye thamani, lakini ipo chapa ya Uingereza ambayo jina lake ni Vintage, na magitaa yake ni mapya kabisa. Mtu asiyejua huliona neno hilo kichwani mwa gitaa akadhani ameokota kito cha miaka hamsini.

Kisha kuna Relic. Tangu miaka ya 1990 Custom Shop ya Fender imekuwa ikiuza magitaa mapya yaliyochakazwa kwa makusudi: rangi imekwanguliwa pale mkono unapopita, vyuma vimetiwa kutu, ubao umegongwa ukapata makovu. Ziko daraja zake. Lile linaloitwa N.O.S. ni jipya lisiloguswa, kana kwamba lilisahauliwa ghalani. Closet Classic limefifia kidogo kama lililokaa kabatini. Relic limechoka kama lililopigwa kila Jumamosi kwa miaka arobaini. Gibson naye alileta VOS mwaka 2006, lenye mng'aro uliofifishwa, na mwaka 2021 akafungua Murphy Lab, ambako rangi hupasuliwa nyufa ndogondogo na ubao hupigwa makovu kwa viwango. Huko, kadiri gitaa linavyochakazwa zaidi ndivyo bei inavyopanda. Katika mji ambao mtu humpelekea fundi kiatu chake ili kisionekane kimechakaa, biashara hii inahitaji maelezo, na maelezo yaliyopo ni haya: wako wapigaji wanaopenda shingo laini iliyokwisha kulainishwa na mikono, na wako wengine wanaopenda kuonekana wamepiga miaka mingi. Wa kwanza ninawaelewa.

NAMBA HAISHI MANENO

Lebo hupiga domo. Namba husema kidogo, lakini ukiijua lugha yake itakusaidia.

Katika Fender za kawaida tangu mwaka 2010, namba huanza na US kwa Marekani au MX kwa Meksiko, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. Hivyo MX21 ni gitaa la Meksiko la mwaka 2021, hata kama lebo inasema miaka ya sitini. Kabla ya hapo, MN ilikuwa Meksiko ya miaka ya 1990 na MZ ya miaka ya 2000. Matoleo ya kurudiwa ya American Vintage yaliyoanza mwaka 1982 yalitumia namba inayoanza na V. Kwa Gibson wa kawaida, kuanzia mwaka 1977 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, namba ina tarakimu nane au tisa, na mwaka umefichwa katika tarakimu ya kwanza na ya tano. Kwa yale ya Historic mambo yanageuka: tarakimu ya kwanza huonyesha mwaka unaoigwa, na inayofuata huonyesha mwaka wa kutengenezwa. Namba inayoanza na 9 ni ya mchoro wa mwaka 1959, ndiyo maana wajuzi huliita R9.

Lakini usiiamini namba kupita kiasi, maana anayeweza kughushi jina hashindwi kughushi tarakimu. Hata wenye kiwanda wenyewe wamepata kuchezea vibandiko. Zile pikapu za Seth Lover zilibandikwa chini yake karatasi ndogo yenye maneno ya Kiingereza kwamba hataza imeombwa. Hataza ilitolewa mwaka 1959, lakini karatasi hizo ziliendelea kubandikwa mpaka miaka ya mwanzo ya 1960. Na zilipobadilishwa, namba ya hataza iliyowekwa haikuwa ya pikapu hata kidogo, ilikuwa ya kishikizo cha nyuzi. Leo karatasi hiyo ya zamani, kitu kisichozidi upana wa kidole, huongeza bei ya pikapu maradufu, na kwa hiyo hughushiwa kwa wingi.

Gibson za bandia zimejaa duniani, na hapana sababu ya kudhani kwamba zimeipita Bahari ya Hindi bila kutia nanga. Dalili moja nyepesi: kule kichwani kuna kifuniko kidogo chenye umbo la kengele, kinachofunika chuma cha kunyoosha shingo. Gibson hukifunga kwa skrubu mbili. Ukiona Gibson yenye skrubu tatu, shika mkoba wako. Angalia pia nguzo mbili zinazobeba daraja la nyuzi; katika za bandia nyingi huwa nene, zenye mfereji mpana wa bisibisi juu yake. Gitaa la Custom Shop huja na cheti na sanduku gumu, lakini cheti ni karatasi, na karatasi huchapwa.

MTI

Bei kubwa ya matoleo haya hutetewa mara nyingi kwa hoja ya mbao, na hapo Mtanzania anayo haki ya kusikiliza kwa sikio la pekee.

Ubao wa juu wa shingo, ule ambao vidole huubonyeza, ulikuwa zamani wa rozudi ya Brazili. Mti huo uliadimika, na tangu mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa imebanwa vikali kwa mkataba wa CITES. Kwa hiyo matoleo mengi ya kurudiwa yana rozudi ya India au mti mwingine, hata pale lebo inapodai uaminifu kwa mwaka 1959. Mwezi wa Januari mwaka 2017 mkataba huo uliubana ukoo wote wa miti hiyo, na mwishoni mwa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikalegezewa, isipokuwa vyenye mti wa Brazili. Sasa, ndugu msomaji, katika ukoo huo huo umo mpingo wetu. Mpingo unaochongwa vinyago na kusafirishwa Ulaya kwa ajili ya zumari za klarineti ni ndugu wa damu wa rozudi inayowafanya watu wauze mashamba. Vijiji vya wilaya ya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu kwa ajili ya mti huo. Fundi wa kwetu atakayeweza kubandika ubao wa mpingo juu ya shingo ya gitaa hatakuwa amejishusha mbele ya yeyote.

Na je, mbao zinabadili sauti? Katika gitaa lisilo na tumbo wazi, sauti hutoka kwenye nyuzi, ikanaswa na pikapu, ikapita kwenye waya hadi kwenye amplifaya. Mbao zina mchango, na juu ya ukubwa wa mchango huo watu wamebishana mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Mimi naona kwamba pikapu, amplifaya, urefu wa nyuzi kutoka shingoni na mkono wa mpigaji hutangulia mbali. Wapigaji waliorekodi katika studio za Radio Tanzania walipiga vyombo vilivyokuwapo, na solo zile bado zinasimamisha watu katika kumbi. Marehemu Ndala Kasheba alijulikana kwa gitaa lake la nyuzi kumi na mbili, na waliomsikia wanakumbuka alivyoling'arisha. Sijapata kusikia mtu akiuliza lilikuwa la ngazi ipi.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji wa ng'ambo hawalifikirii, nalo ni joto na chumvi ya pwani. Matoleo ya bei ya juu hupakwa rangi laini ya nitro, kama ilivyokuwa zamani. Rangi hiyo ni nzuri kwa mguso, lakini hupasuka kwa mabadiliko ya joto, hunata jasho, na huungua ikigusana muda mrefu na mpira wa baadhi ya vishikilio vya gitaa. Rangi ngumu ya plastiki iliyo kwenye magitaa ya bei nafuu haina sifa katika majarida, lakini katika chumba kisicho na feni, mita chache kutoka barabara ya vumbi, hudumu bila kulalamika. Gitaa lolote Dar es Salaam lifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupigwa, hasa nyuzi na vyuma vyake, la sivyo kutu itafanya bure ile kazi ambayo Murphy Lab huitoza maelfu.

Basi mzazi au mwenyekiti wa kwaya afanye nini? Kwa anayeanza, na hata kwa anayepiga kila Jumapili, Squier nzuri au Yamaha Pacifica, lililochaguliwa kwa mkono na si kwa jina, hufanya kazi yote. Kwa bei ya toleo moja la Custom Shop kwaya ingepata gitaa la solo, la ridhim, la besi, amplifaya zake na akiba ya nyuzi za mwaka. Toleo la gharama linamfaa mtu anayerekodi kwa riziki, au mwenye fedha zake anayependa vitu vizuri, naye hatumwonei kijicho.

Uendapo Kariakoo au kwa mtu binafsi, mchukue mpigaji mkongwe. Mwambie alitazame gitaa kutoka kitakoni kuelekea kichwani, kama fundi seremala atazamavyo ubao, aone kama shingo imepinda. Apige kila uzi katika kila freti, yaani vile vijiti vya chuma vilivyokingama shingoni, asikie kama kuna panapolia vibaya. Apige uzi mtupu, kisha aubonyeze katika freti ya kumi na mbili. Sauti ziwe zile zile, ya pili ikiwa juu tu. Azungushe vitufe vyote huku sauti ikiwa wazi, asikilize mikwaruzo. Asimame karibu na taa ya mrija: pikapu za msokoto mmoja zitavuma, na huo si ugonjwa, lakini kama ukumbi wenu una taa nyingi za aina hiyo, pikapu za misokoto miwili zitawapa utulivu. Haya yote yafanyike kabla lebo haijasomwa kwa sauti.

Na kama pamoja na gitaa mnauziwa amplifaya iliyotoka Marekani, nayo siku hizi ina matoleo yake ya kurudiwa ya miaka ya 1960, ligeuzeni boksi mkasome mgongoni. Umeme wetu ni wa volti 230, na amplifaya nyingi za huko hutaka 120. Ikiwa imeandikwa 120, isichomekwe ukutani hata kwa dakika moja ya kujaribu. Ipelekwe kwanza kwa fundi wa redio, na bei ya transfoma ihesabiwe ndani ya bei ya kununulia.